Hofu ya Kurithi

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hii huwezi kuikuta kwenye mabango ya kutia watu moyo, maana inasema jambo ambalo hatupendi kulisikia: mwoga hurudi nyumbani. Shujaa ndiye anayerudishwa akiwa amebebwa. Kuhusu maji, niliishi na methali hiyo hadi nikatimiza miaka 25, na sikuona mahali pa kuipinga.

Kwetu ni Budalang'i. Huko Mto Nzoia ukivunja matuta, watu huhamisha kuku, magodoro na wazee hadi palipoinuka, kisha wanasubiri. Mjomba wangu alichukuliwa na mto huo kabla sijazaliwa. Mama alipokuja kuishi Nairobi, alikuja na mto kifuani. Sheria ya nyumbani ikawa moja: maji ni ya kunywa, kuoga na kufulia. Nilipokuwa darasa la saba, shule ilipanga safari ya Mombasa. Mama alilipa pesa zote, kisha akaniapisha nisivue viatu ufuoni. Sikuvua. Nilisimama mchangani na soksi zangu nyeupe, nikiwashikia wenzangu nguo.

Sasa jiulize: hofu hiyo ilikuwa ya nani? Hakuna maji yaliyowahi kunidhuru. Nilipewa hofu jinsi mtoto anavyopewa jina la marehemu, na ndiyo maana kuiacha kulikuwa kugumu. Haikuwa hofu tu, ilikuwa pia msiba wa mtu ninayempenda. Kuingia majini kungekuwa kama kumwambia Mama kwamba kilio chake kimepitwa na wakati. Hilo kwangu ndilo swali lenyewe: je, kuacha hofu ya mzazi ni kumsaliti?

Kilichonisukuma kufikiri upya ni mvua ya Aprili 2024. Mto Mathare ulifurika usiku ukaingia kwenye nyumba za watu. Wale hawakwenda kutafuta maji. Walikuwa wamelala. Nikakumbuka pia Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipozama watu wakivuka kwenda Mombasa, na 272 wakafa. Si kwamba kuogelea kungewaokoa wote. Kwenye msongamano kama ule, au kwenye mafuriko yanayobeba mabati na magogo, hata muogeleaji hodari anaweza kushindwa. Nachosema ni kwamba methali yetu inamdhania mwoga ana uhuru wa kuchagua. Inadhani maji hukaa mahali pake. Lakini mtu anayevuka kwenda kazini, au aliyepanga chumba cha bei anayoiweza kando ya mto, huyo ameshaingia majini. Hofu yake haimsaidii kitu.

Basi nikajiandikisha. Pesa ya makala mbili iliisha kwenye masomo manne. Nilipangwa na watoto wa miaka sita, wakaniita auntie na kunipita kama samaki.

Siku ya tatu kocha aliniambia, "Dada, acha kupigana. Jaza kifua hewa, laza kichwa, masikio yaingie ndani." Nikaona huyu ananiua. Kila kiungo mwilini kilitaka kuinua kichwa. Kumbe ukiinua kichwa, nyonga na miguu vinashuka, na wewe unafuata. Mapafu yaliyojaa hewa hukuweka juu ukiyaachia nafasi. Mfa maji haachi kutapatapa, tunasema, kana kwamba kutapatapa ni dalili tu ya kufa maji. Ndani ya lile bwawa nilielewa kwamba mara nyingi kutapatapa ndiko kunakomaliza pumzi na nguvu za mtu. Yaani kile ambacho hofu yangu iliniamuru nifanye ili nipone, ndicho kingenizamisha.

Chuoni, kabla sijaacha masomo, tulipitishwa kwa Aristotle mbiombio. Nililobaki nalo ni kwamba ushujaa uko katikati ya woga na ujuba, na kwamba asiyeogopa chochote, hata mawimbi, anakaribia wazimu. Hapo niko naye. Lakini baadaye, nikisoma peke yangu, nikaona anasema kwamba mabaharia hutulia kwenye hatari kwa sababu ya uzoefu, na utulivu huo anautenganisha na ushujaa wenyewe. Hapo tunaachana. Kwani uzoefu wa baharia ulitoka wapi? Hakuna aliyewahi kupata uzoefu wa maji bila kwanza kuyaingia akiwa hana uzoefu. Utulivu wake ni hofu aliyoilipia kidogo kidogo, kwa saa nyingi ambazo hakuna aliyempigia makofi.

Mimi bado naogopa maji. Tofauti ni kwamba hofu ya zamani ilijua neno moja tu: usiende. Hii ya sasa inauliza: kina ni kipi? Mkondo unaelekea wapi? Nimechoka kiasi gani? Nani ananiona? Leo ukinipeleka Nzoia wakati wa mafuriko, sitaingia, na sababu nitakazokupa ni nzuri kuliko nilizokuwa nazo nikiwa na soksi ufuoni.

Ndiyo maana sioni kwamba nimemsaliti Mama. Alichojua yeye ni kweli: mto huua. Hilo nimelibeba lote. Nilichokikataa ni wazo kwamba kumpenda mjomba ni kubaki mjinga wa kitu kilichomuua.

Kila Jumamosi Mama hunitumia ujumbe uleule: "Umetoka majini?" Namjibu, "Nimetoka." Hajawahi kuja kuniona, na simlazimishi. Wiki jana aliongeza swali la pili: huyo kocha anachukua watoto wa kuanzia miaka mingapi? Mpwa wangu ana mitano.

Sidhani kama mtoto huyo anapaswa kulelewa bila hofu ya maji. Aambiwe habari za babu yake, jina lake na mto uliomchukua. Kisha apelekwe kwenye bwawa, afundishwe kulaza kichwa.