Shida Si CD, Shida ni Jicho

Somo: Marko 8:22–25, Mathayo 6:22–23

Wiki hii sitaanza na Musa wala Paulo. Nitaanza na fundi mmoja wa Luthuli Avenue. Wanaonijua watauliza, pasta, wewe na michezo ya video wapi na wapi? Ngojeni. Huu ni ushuhuda wa aibu yangu mwenyewe.

Miaka miwili iliyopita, hapa Kawangware, kijana wangu alikuwa na PlayStation 2. Ni mashine ya zamani. Ilitoka Japani mwaka 2000, na zaidi ya milioni 150 ziliuzwa duniani. Ndiyo maana hata juzi juzi ungepita vichochoro vyetu ukakuta kibanda na watoto wamejazana mbele ya televisheni, wakicheza mpira kwa vidole. Kijana alikuwa amemaliza kidato cha nne, na matokeo hayakuwa mazuri. Usiku alicheza mpaka saa tisa. Halafu mashine ikaanza kugoma. Ukiweka CD, inazunguka, inasaga, inakuandikia kwamba haisomeki.

Yeye akasema ipelekwe kwa fundi. Mimi nikasema Mungu amejibu maombi! Nikatupa CD zake zote, mashine nikaifungia stoo. Tukarushiana maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kesho yake akabeba nguo zake akaenda kukaa kwa mjomba wake Kangemi. Wapendwa, kutoka Kawangware mpaka Kangemi mtu anatembea kwa miguu. Miaka miwili mimi sikufika.

Mwezi uliopita mama watoto akaniambia, "Baba, umeombea watoto wa kila mtu pale madhabahuni. Wako ni wa nani?" Usiku huo sikulala. Asubuhi nikaitoa mashine stoo, nikaifunga kwa gazeti, nikapanda 46 mpaka tao.

Luthuli Avenue imepewa jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini, yule aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1960. Nikajiambia, barabara ya mtu wa amani, na mimi natafuta amani na mtoto wangu. Nikampata fundi, kijana mdogo, meza yake imejaa skrubu. Nikamwambia CD zilikuwa zimekwaruzwa. Akatoa CD yake safi kabisa, akaiweka. Ikasaga, ikakataa. Akaniangalia. "Mzee, unaona? Shida si CD. Shida ni jicho."

Akazima umeme, akafungua kifuniko, akanionyesha lenzi ndogo kama punje ya dengu. Mwanga wa leza unapita hapo, unapiga uso wa CD, unarudi. Kwa huo mwanga unaorudi, mashine inasoma. Lenzi ikiwa na ukungu, mwanga unatoka hafifu na kurudi hafifu. Kila kitu kimeandikwa kwenye CD, lakini mashine haioni, na inailaumu CD!

Hapo nikamkumbuka Bwana wetu akifundisha kwamba jicho ndilo taa ya mwili, na jicho likiwa bovu mwili wote uko gizani. Nilisimama pale mezani nikahubiriwa. Nilijifunza mambo matatu.

1. Vumbi huingia na hewa

Nikauliza, mashine imefunikwa, vumbi limepitia wapi? Fundi akanionyesha feni. Mashine lazima ivute hewa ndiyo isiungue, na hewa ileile ndiyo inayobeba vumbi. Ndugu yangu mtumishi, sikiliza. Si lazima uende baa ndiyo jicho lako lichafuke. Linaweza kuchafuka ukiwa kazini mwa Bwana: vikao, mazishi, harambee, simu za usiku. Huduma inaingia, na vumbi la huduma linaingia. Ni lini mara ya mwisho ulikaa kimya ukafunguliwa na Bwana mwenyewe?

2. Usiongeze moto juu ya uchafu

Fundi akaniambia kuna kiskrubu cha kuongeza nguvu ya leza. Fundi wa haraka anakizungusha, mashine inasoma, unalipa, unaenda zako ukishangilia. Baada ya muda leza inaungua kabisa. Kanisa, tumezungusha hiyo skrubu mara ngapi? Nyumbani hakuna amani, tunaongeza sauti ya spika. Moyoni kuna kinyongo, tunaongeza siku za kufunga. Kufunga ni kuzuri, na kukesha ni kuzuri. Lakini moto juu ya jicho chafu haulisafishi, unalichosha. Daudi katika Zaburi 51 hakuanza kwa kuomba nguvu. Alianza kwa kuomba aoshwe.

3. Mguso wa pili

Fundi akachukua pamba na spiriti, akapangusa taratibu, kama mama anayempangusa mtoto jicho. CD ya fedha ikasoma. Nikasema Haleluya, nikatoa pesa! Akasema, "Ngoja, mzee." Akaweka nyingine, ile yenye mgongo wa buluu. Ikakataa. Kumbe jicho hilo lina miale miwili, mmoja wa DVD na mwingine wa CD. Mmoja unaweza kufa, mwingine ukabaki mzima. Kwa hiyo mashine inasoma hizi na kukataa zile.

Wapendwa, nilitaka kulia pale Luthuli. Ndiye mimi huyo. Namsoma mgeni aliyeketi kiti cha nyuma nikajua ana mzigo. Naisoma ndoa ya mshirika kabla hajafungua mdomo. Lakini aliye chini ya paa langu, nimekataa kumsoma.

Yule kipofu wa Bethsaida, Bwana alipomgusa mara ya kwanza, aliona watu kama miti inayotembea. Angeweza kusema amepona ili asimwaibishe mponyaji. Hakutoa ushuhuda wa uongo. Alisema alichokiona, na kwa sababu ya ukweli ule akaguswa tena, akaona sawasawa.

Fundi akasema jicho hili halisafishiki tena, linabadilishwa. Akalitoa lingine zima kwenye mashine iliyokwisha kufa. Nami nikajua habari hiyo: kuna aliyekufa ili mimi nione. Tofauti ni kwamba wa kwetu alifufuka! Sema Amina.

Siku hiyohiyo nikaenda Kangemi. Kijana alifungua mlango, akaangalia gazeti, akaangalia uso wangu. Nikamwambia, "Nilikukosea. Nisamehe." Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Baba, unakumbuka nilikuambia sina usingizi?"

Nilikumbuka. Aliniambia mara tatu. Na mara zote tatu nilimjibu, "Kama huna usingizi, njoo kesha."

Alikuwa akicheza usiku kwa sababu nyumba ikinyamaza mawazo mabaya yalimjia. Mjomba wake ndiye aliyemsikiliza, akampeleka kwa daktari. Mimi nilikuwa nimeona mchezo tu. Sikumwona mtoto.

Siwaandikii kwamba amerudi nyumbani. Hajarudi. Jumapili hakuja kanisani. Mimi bado naona watu kama miti, na sitawadanganya. Lakini Jumanne alinipigia simu, na hakuwa anataka pesa.

Mzazi, wiki hii usianze na kutupa CD. Keti na mtoto wako, uliza, halafu nyamaza usikie. Akikuambia halali, usimjibu kwa mstari mmoja. Ombeni pamoja, na umpeleke kwa daktari pia. Hilo si upungufu wa imani. Nawe uliyeondoka nyumbani, mzazi wako akija na mzigo kwenye gazeti, mfungulie mlango.

Tuombe: Bwana Yesu, tumelaumu CD na jicho ni letu. Tuoshe. Palipokufa, tupe jipya. Na pale tunapoona nusu, tupe ujasiri wa kusema ukweli, ili utuguse tena. Amina.