Mhafidhina Anahifadhi Nini?

Mhifadhi husifiwa, mhafidhina hulaumiwa. Shina la maneno yote mawili ni moja, lile la Kiarabu lililotupa hifadhi ya Serengeti na hafidh anayeibeba Kurani nzima kifuani. Mbona basi mlinda tembo ni shujaa, na mlinda desturi za chama au za fani ni kikwazo?

Nadhani lawama inatokana na mahali alipoketi mtu. Vijijini wamejaa wapenda ya kale ambao hakuna anayewaita wahafidhina, kwa kuwa hawashiki funguo za popote. Jina hili humwandama aliyetangulia kuingia, ambaye sasa ndiye anayeamua nani amfuate.

Ushairi wetu ulilipima jambo hili. Amri Abedi alichapisha sheria za utunzi mwaka 1954, na kwa wengi vina na mizani vikawa ndiyo roho ya shairi. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani isiyojifunga na kanuni hizo, na wapo waliokataa katakata kuyaita yale mashairi. Waliotetea kanuni walikuja kuitwa wanamapokeo. Jina hilo nalipenda kuliko mhafidhina, maana ndani yake mna kupokea: linakiri kwamba mali hii ilitoka mikononi mwa mwingine. Na aliyepokea ana deni la kupokeza. Asiyetaka kupokeza, hata akijua mizani zote kumi na sita za mshororo, amekwisha kuyavunja mapokeo yenyewe.

Lakini kuyashika ya kale peke yake hakumfanyi mtu kuwa mlinzi wa wakubwa. Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliandika waraka wa Kenya: Twendapi? mwaka 1968, akahukumiwa kifungo cha miaka 3. Humo gerezani alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki, yaliyochapishwa mwaka 1973. Mtu huyu aliyeikabili serikali waziwazi alitunga kwa vina na mizani alivyorithi kwa malenga wa pwani. Tungemwita nani?

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujamtupia mtu neno hili, usimhesabie mvi wala vina. Muulize alichopokea amempokeza nani.