Mawe Mawili



Wavuvi wa dagaa wa Ujiji na Kibirizi wanaijua taa inavyoyumba mtumbwini. Tujaribu nyumbani: tutundike jiwe kubwa na jiwe dogo kwa nyuzi zilizo sawa, mita 1 tangu msumari hadi katikati ya jiwe, tuyasukume kidogo. Yote mawili huenda na kurudi kwa sekunde 2 hivi. Uzito haubadili kitu. Urefu ndio unaotawala. (Hata fundi, saa ya timazi ikichelewa, huipandisha timazi kidogo, haiongezi uzito.)

Bwana wetu naye, alipoketi hekaluni kuitazama sadaka, hakupima mifuko. Basi sikukuu ya mavuno ikija, majina tusiyasome kwa kufuata ukubwa wa sadaka. Mama mwenye fungu moja la dagaa aje mbele pamoja na mwenye boti.