Amana ya Ardhi: Kimondo, Mifupa na Haki ya Mwenyeji

Katika kilima cha Marengi, wilayani Mbozi, si mbali na barabara kuu iendayo Tunduma na mpaka wa Zambia, limelala pande la chuma lililoshuka kutoka angani. Urefu wake ni kama mita 3, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 12 au zaidi. Takriban asilimia 90 ya mwili wake ni chuma, na sehemu kubwa ya iliyosalia ni nikeli. Habari zake ziliufikia utawala wa Kiingereza mwaka 1930. Udongo uliokizunguka kimondo ukachimbwa, ikaachwa nguzo ya udongo chini yake, nayo ikaimarishwa kwa saruji. Wageni walikuja, wakapima, wakaandika, wakaenda zao. Kimondo hakikwenda nao.

Kwa nini kilibaki? Jibu jepesi ni uzito wake. Lakini jibu hilo halisimami mbele ya historia. Kati ya mwaka 1909 na 1913, Wajerumani walichimba Tendaguru, karibu na Lindi, mifupa ya mijusi wa kale yenye uzito uliopita tani 200. Ilibebwa kwa vichwa na mabega ya wapagazi hadi pwani, ikapakiwa melini, na mpaka leo mmoja wa mijusi hao amesimama Berlin kwa kimo cha zaidi ya mita 13. Basi uzito haukuwahi kumzuia aliyetaka kuchukua, maadamu mabega ya kubebea yalikuwa ya watu wengine.

Sababu nyingine yafaa kutazamwa. Ili kupata kipande cha sentimita 10 hivi cha kimondo, mwanajiolojia wa serikali, D. R. Grantham, alilazimika kukata kwa msumeno kwa muda wa saa 10. Kipande kile kilitosha kwa uchunguzi. Elimu, mara nyingi, hutosheka na kidogo. Fahari ndiyo itakayo kitu kizima. Aliyetaka kujua chuma kile ni chuma gani alishiba kwa sentimita 10. Aliyetaka watu wastaajabu katika mji wake hakushibishwa hata na tani 200.

Hata hivyo, si haki kuidhulumu elimu kwa hoja hiyo. Mifupa si chuma. Haijulikani kwa kipande. Hujulikana kwa kulinganishwa, mmoja na mwingine, na hutaka vyumba, zana na mikono iliyofundishwa. Katika Bonde la Ufa la Rukwa, ambalo sehemu yake imo katika Mkoa huu wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, watafiti wa Kitanzania na wa kigeni wamepata viumbe ambao dunia haikuwa ikiwajua. Mwaka 2010 alitangazwa Pakasuchus kapilimai, mamba mwenye meno yafananayo na ya mnyama anyonyeshaye. Jina lake limebeba paka wa Kiswahili na kumbukumbu ya Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2014 alifuata Rukwatitan, na mwaka 2017 Shingopana songwensis, mjusi mkubwa wa shingo pana. Kazi hizo zisingalifanyika kama mifupa ingalizuiwa isitoke bondeni.

Kwa hiyo elimu ina haki. Lakini haki yake ni ya mwenye kuazima, na muazima hana budi kujua siku ya kurudisha. Mfano upo. Fuvu lililopatikana Olduvai mwaka 1959, likaitwa Zinjanthropus, lilikwenda Nairobi kuchunguzwa, na mwaka 1965 likarudi Tanzania. Wapwani wana sababu ya pekee ya kulikumbuka fuvu hilo: Zinj ni jina la kale la pwani yao, nalo lilivikwa mtu wa kale wa bara. Pwani ilikwisha kutajwa katika kesi hii, na haiwezi kukaa pembeni ikasema mambo ya Mbozi na Rukwa ni ya wenyewe.

Baada ya kurudi, je, amana ikae wapi? Wengi husema: mji mkuu, kwa kuwa huko kuna usalama. Wazanzibari wanajua kwamba usalama wa mji nao una mipaka. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883 lililokuwa makumbusho, iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa, na roho za watu zikapotea. Kukusanya hazina zote chini ya paa moja ni kuitegemeza kumbukumbu ya wote juu ya nguzo za nyumba moja. Wala kijiji hakijengewi makumbusho kwa kutamani tu. Mfupa ulioachwa bila mlinzi hupotea, na aliyeuacha hapo kwa jina la haki hakumtendea mwenyeji haki yoyote.

Labda swali la nani mmiliki limetangulizwa mno. Katika mafundisho ya amana, anayeshika si mmiliki, anadaiwa hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hili ndilo jambo la kwanza ambalo mwenyeji anadai: habari. Malori ya shaba yanayopita Tunduma kutoka Zambia na Kongo hayavuki mpaka bila hati za mzigo. Haielekei kuwa vigumu kwa mfupa mmoja kuwa na hati ambayo nakala yake iko Vwawa, makao makuu ya mkoa, ikieleza ulitoka wapi, uko wapi, na kwa muda gani.

La pili ni nakala. Desturi ni asili kukaa mjini na nakala kupelekwa mashambani, iwapo hupelekwa. Yapo mambo ambayo utaratibu huo hauna jibu lake. Wanyiha wa Mbozi walikuwa wayeyushaji na wafuaji wa chuma kwa tanuri zao wenyewe; mtu anayekitazama kimondo bila kujua hayo ameona nusu ya kitu. Sehemu ya maana ya kitu imo katika ardhi yake na watu wake, nayo haipakiwi sandukuni.

Shingopana ana jina ambalo mtoto wa darasa la kwanza hulielewa bila kufasiriwa. Jina lilimfikia mwenyeji mapema kuliko mfupa. Mwalimu wa Vwawa atakapoulizwa na mwanafunzi wake mifupa yenyewe iko wapi, astahili kuwa na jibu, tena lililoandikwa na kutiwa sahihi na yule aliyeishika.