Siku Saba za Kimya

Ndugu zangu, twendeni kwanza jivuni kwa Ayubu. Mali imekwisha, watoto wamekufa, mwili mzima ni majipu, naye anajikuna kwa kigae. Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walipomwona walilia, kisha wakaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, pasipo kumwambia neno. Hizo ndizo siku walizomfaa. Walipofumbua vinywa na kuanza kumfundisha chanzo cha mateso yake, Mungu aliwakasirikia, na ikabidi Ayubu huyohuyo awaombee.

Sasa itazameni runinga. Siku saba ziko wapi? Mgeni anapakwa poda uso using'ae, anaketishwa kwenye taa, na kabla ya tangazo la sabuni ameshaambiwa ugonjwa wake, chanzo chake na dawa yake!

Phil McGraw wa Marekani, maarufu kwa jina la Dr. Phil, alianza kipindi chake mwaka 2002, kikadumu miaka ishirini na zaidi. Saikolojia aliisomea hadi shahada ya uzamivu, simwiti mjinga. Lakini leseni ya kutibu aliiachia mwaka 2006, na kipindi kikaendelea. Januari 2008 alimtembelea mwimbaji Britney Spears hospitalini Los Angeles, kisha akatoa taarifa kwa umma juu ya hali yake. Familia ililalamika kwamba amevunja imani yao. Ndugu, tangu lini aliyekwenda kumjulia hali mgonjwa akatoka wodini na kupiga mbiu?

Mwaka 2016 alimketisha mbele ya kamera Shelley Duvall, mwigizaji wa filamu ya The Shining. Mama yule alisema mwigizaji mwenzake Robin Williams, aliyefariki mwaka 2014, bado yu hai. Alisema mwenyewe kwamba anaumwa sana, anahitaji msaada. Yote yakarushwa hewani. Vivian Kubrick, binti wa mwongozaji wa filamu ile, alilaani hadharani. Nami nauliza: mtu aliyefikia kuchanganya wafu na walio hai, ruhusa ya kuanikwa mbele ya dunia aliitoa kwa akili ipi?

Na Uingereza je? Mei 2019 kituo cha huko cha ITV kilikifuta kipindi cha mtangazaji Jeremy Kyle, baada ya mgeni mmoja kufariki siku chache tangu arekodiwe akiambiwa mbele ya watu kwamba mashine ya kupima uongo imemkataa. Sisemi kipindi ndicho kilichomuua. Nasema watazamaji hurudi makwao wamecheka, na mgeni hurudi kwake na aibu yake.

Mtanijibu: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kweli kabisa! Maradhi ya akili yamefungiwa vyumbani mno, na anayefundisha umma dalili zake na mahali pa kutibiwa anastahili shukrani. Lakini maradhi hufichuliwa mbele ya anayeyatibu, si sokoni. Madaktari wa akili wa Marekani walijifunza hilo kwa aibu. Mwaka 1964 gazeti moja lilikusanya maoni yao juu ya akili ya mgombea urais Barry Goldwater, mtu ambaye hawakuwa wamempima. Alilishtaki gazeti, akashinda. Mwaka 1973 chama chao kikaweka mwiko: usitoe hukumu juu ya akili ya mtu ambaye hukumpima wala hakukuruhusu kusema. Ikiwa daktari amefungwa mdomo hivyo, mtangazaji ameupata wapi uhuru wake?

Wala sisi wa mimbarini tusijitoe. Tunaomvuta mwenye sonona mbele ya kamera, tukampa kipaza sauti aeleze majinamizi yake ili ibada ipate watazamaji, sisi ndio akina Elifazi wa leo. Tutubu.

Na wewe unayetazama, usimpe mwuza machozi macho yako. Macho yako ndiyo mshahara wake. Huenda chumba cha pili yupo ndugu yako asiyelala wala kula wiki ya pili sasa. Zima runinga. Kaa naye, umsikilize bila kumhukumu. Kukikucha mpeleke kliniki iliyo karibu, au hospitali ya Mirembe kama uko Dodoma, au Mathari kama uko Nairobi. Na ukiulizwa njiani anaumwa nini, sema tu: anaumwa, mwombeeni.