Kitu cha Kuokota

Mkutubi aliniwekea mezani jalada zito la magazeti lililofungwa kwa kamba ya katani, akaniambia nisilete chai wala maji karibu nalo. Lilikuwa gazeti la Ngurumo, ambalo lilianza kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1959. Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, na nilichokuwa natafuta ni mashairi ya wasomaji: yale ambayo makarani, walimu wa shule za msingi na wafanyakazi wa bandarini waliyatuma kwa posta, wakatajana majina, wakajibizana na kukosoana vina hadharani.

Nilifungua kamba, nikahesabu tarehe, nikafika nilipokuwa nimeelekezwa. Ukurasa ulikuwepo, shairi halikuwepo. Mahali pake palikuwa na tundu la mstatili, kingo zimenyooka, na kupitia tundu hilo nilisoma habari za mpira za ukurasa uliofuata. Nikafungua toleo la wiki iliyofuata. Tundu jingine.

"Wembe," mkutubi alisema nyuma yangu.

"Nani alikata, mzee?"

"Wasomaji. Miaka mingi tu. Mtu anakuja hapa, anakuta shairi la mjomba wake, anatazama huku na huku." Akalivuta jalada kidogo kwenye mwanga. "Lakini kila aliyekata aliipenda hii karatasi, mwanangu. Asiyeipenda hakuigusa."

Baada ya wiki mbili nilizipata kurasa zile zile, nzima, Marekani.

Sikwenda popote. Niliandika jina la gazeti kwenye katalogi ya pamoja ya maktaba mtandaoni, ikaniorodheshea mikrofilamu, miaka yake na maktaba zilizokuwa nazo. Nikamwandikia mkutubi wa maktaba moja nisiyomfahamu. Siku ya tisa akajibu. Alinitumia fomu ya kujaza, kisha kurasa 38 alizozipiga skani mwenyewe, bila malipo, na chini yake akaandika kwamba kama kuna mstari usiosomeka nimwambie arudie.

Nilifurahi. Kisha nikakasirika, na hasira ile ndiyo iliyonifanya nianze kuuliza swali ninalotaka kulijadili hapa: mtu aliyehifadhi kitu chako ulichokipoteza mwenyewe anakudai nini, na wewe unamdai nini?

Kwanza nilitaka kujua jinsi Ngurumo lilivyofika huko. Nilichokikuta ni historia ya watu waliokubali kwamba hakuna maktaba inayoweza kununua kila kitu. Mwaka 1949 vyuo vikuu kumi vya eneo la kati la Marekani vilianzisha Chicago ghala la pamoja, ili vitabu vinavyosomwa na watu wachache viwekwe mahali pamoja badala ya kila chuo kujenga shubaka lake. Ghala hilo ndilo leo linaloitwa Center for Research Libraries. Mwaka 1963 maktaba zenye mikusanyo ya Afrika zilianzisha mradi unaojulikana kwa kifupi kama CAMP: kila mwanachama anachanga ada, michango inalipia mikrofilamu za magazeti na nyaraka za Afrika, na filamu zinaazimwa na wanachama wote. Mwaka 1966 Maktaba ya Bunge la Marekani ilifungua ofisi Nairobi, na ofisi hiyo imekuwa ikinunua vitabu na magazeti ya ukanda huu kwa ajili yake na kwa ajili ya maktaba nyingine. Mwaka 1967 vyuo vya jimbo la Ohio viliungana kutengeneza katalogi moja ya kompyuta, na kufikia mwaka 1971 ilikuwa inatumika. Katalogi niliyoitumia mimi, nikiwa nimekaa kibarazani Sinza, ni mtoto wa ile.

Ukiitazama kwa karibu, ni upatu. Watu wanachanga, mzunguko unakwenda, na asiyechanga hana zamu. Hapo ndipo hasira yangu ilipopata mahali pa kukaa. Magazeti ni yetu, lugha ni yetu, walioandika ni babu zetu, lakini katika upatu huu sisi ni mada wala si wachangaji. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Taifa linaloomba kwa barua pepe lisomewe gazeti lake lenyewe limevaa nini?

Nilikaa na hasira hiyo muda wa kutosha kuiona kasoro yake. Kurasa zile hazikuibwa na mkoloni. Zilikatwa kwa wembe, hapa hapa, na wasomaji waliokuwa na kadi za maktaba. Mtu wa ng'ambo alilipia usajili, akapiga picha, akaandika lebo, akaweka mahali pakavu. Kama asingefanya hivyo, leo nisingekuwa na cha kukasirikia.

Basi nilijaribu kusema: ni amana. Maktaba ile inatushikia, sisi ndio wenyewe. Ni neno zuri, lakini halikukaa sawa. Amana huwekwa na mwenyewe kwa hiari, kwa mtu anayemwamini. Hakuna mshairi wa Ngurumo aliyemkabidhi shairi lake mkutubi wa Marekani. Alilituma kwa mhariri, mhariri akalichapa, gazeti likauzwa. Wenyewe hatukuweka amana. Tuliangusha kitu njiani, mwingine akapita akakiinua.

Hapo nikamkumbuka bibi yangu. Nilikuwa na miaka kama minane, Tanga, nilipookota saa ya mkono karibu na kisima. Nilirudi nyumbani nimeivaa, imefika karibu na kiwiko. Bibi hakuniuliza kama nimeiba. Aliniuliza, "Umetangaza?" Kisha akanishika mkono tukazunguka mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, na baada ya swala ya alasiri akamwomba mtu atangaze msikitini. Baadaye madrasa nikafundishwa kwamba kitu cha kuokota kina sheria zake: aliyekiokota hutambua sifa zake, hukitunza, na hukitangaza, na wanazuoni wengi hutaja muda wa mwaka mzima. Kukiokota si dhambi. Huenda kukiacha kiharibike ni vibaya zaidi. Dhambi ni kukiokota ukanyamaza.

Nadhani hili ndilo neno linalofaa kwa maktaba za utafiti. Aliyehifadhi amestahili shukrani, na shukrani hiyo ni ya kweli. Lakini kuhifadhi hakumpi haki ya kunyamaza. Wajibu wake wa kwanza, kabla hata ya kutoa, ni kutangaza: hiki ninacho, kina sifa hizi, kiko shubaka hili. Katalogi ni mtu wa bibi yangu anayesimama msikitini. Wenyewe tuna methali kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi huitumia kwa duka na shamba tu, kana kwamba maarifa si mali.

Kuna rafiki yangu niliyemweleza hoja hii akaniambia inawapendelea wenye nguvu. Tangazo, alisema, halinisaidii nikiwa siwezi kulipia ada ya kufungua mlango. Ana haki. Kutangaza ni mwanzo tu, na baada yake ndipo yanapokuja maswali magumu ya nani anaingia na kwa bei gani. Ndiyo maana napenda zaidi mipango ambayo kitu hakiondoki kwake. Tangu mwaka 2004 Maktaba ya Uingereza imekuwa na mpango wa kunusuru nyaraka zilizo hatarini, ambapo kanuni ni kwamba nyaraka halisi hazitoki nchini mwake. Hupigwa picha pale pale, nakala moja hubaki na wenyewe na nyingine huenda London. Hati za msikiti wa Riyadha, Lamu, zilipigwa picha kupitia mpango huo. Kitabu cha Lamu kiko Lamu, na msomaji wa Jakarta anaweza kukiona.

Hapo nguo ya kuazima inabadilika maana. Kiswahili kinatofautisha kuazima na kukopa: ukiazima jembe unarudisha jembe lile lile, ukikopa unga unarudisha unga mwingine. Nakala ya kidijitali haimo katika hayo mawili. Mtoaji hapungukiwi, mpokeaji hana cha kurudisha. Na zaidi ya hapo, mtoaji amejilinda. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulioshuka kutoka mlimani uliunguza maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town, iliyokuwa na mkusanyo mkubwa wa vitabu na filamu za Afrika. Oktoba 2023 wadukuzi waliishambulia Maktaba ya Uingereza yenyewe, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikazimika kwa miezi. Tajiri na maskini wote wanaungua. Kitu kilichopo mahali pamoja tu hakijahifadhiwa, kimecheleweshwa kupotea.

Na sisi kwa sisi? Vyuo vyetu vinajua kuchanga. Tanzania na Kenya kuna miungano ya maktaba za vyuo inayojadiliana kwa pamoja bei ya majarida ya nje, na bila hiyo wengi wetu tusingesoma hata nusu ya tulichosoma. Lakini mwaka ule ule niliopata kurasa 38 kutoka ng'ambo kwa siku tisa, nilihitaji tasnifu moja iliyoandikwa katika chuo kilicho saa chache kwa basi kutoka nilipo. Ilinichukua barua mbili za utambulisho, safari moja, na kalamu ya risasi, kwa sababu kupiga picha kulikatazwa. Mlinzi wa shubaka aliniuliza, kwa upole kabisa, "Kwani kwenu hamna vitabu?"

Ningependa kuishia hapa, nikiwa nimewasema wengine.

Miezi miwili baada ya kupokea zile skani, niliandikiwa ujumbe na mwanafunzi wa chuo kingine. Tulikuwa tumekutana kwenye kongamano moja la Kiswahili. Aliandika kwa heshima: "Kaka, nimesikia umepata Ngurumo za miaka ya sitini. Mimi huku majalada yamekatwakatwa. Naomba unisaidie hata kurasa chache." Alitaka kuandika kuhusu wanawake walioshiriki malumbano ya mashairi.

Nilimjibu, "Nitakutumia, dada, nipe wiki hii." Sikutuma. Baada ya wiki tatu akakumbusha. Nikamwambia niko safarini. Sikuwa safarini. Nilikuwa naandika makala yangu kwa haraka ili itoke kabla yake.

Nilikuwa na kisingizio safi. Fomu niliyojaza ilisema nakala ni kwa matumizi ya utafiti wangu binafsi. Nilijiambia kwamba ninaheshimu masharti ya walionisaidia, na sehemu fulani ya jambo hilo ilikuwa kweli. Pengine sikuwa na ruhusa ya kumtumia kurasa. Lakini nilikuwa na kitu kingine ambacho hakuna fomu iliyonizuia kukitoa: jina la maktaba, namba ya filamu na anwani ya yule mkutubi. Mistari mitatu. Angeomba mwenyewe, angejibiwa kama nilivyojibiwa mimi. Sikumnyima nakala. Nilimnyima tangazo.

Nilimtumia mistari ile baada ya miezi minne, makala yangu ilipokwisha kukubaliwa. Alijibu siku hiyo hiyo. "Asante sana kaka. Nilishabadilisha mada, msimamizi alisema muda hautoshi. Labda itamfaa mwingine." Hakulaumu, na sidhani hata leo anajua kwamba kuna la kulaumu. Makala yangu ipo, ina mashairi mengi ya wanaume na moja la mwanamke. Makala yake haipo. Sijui angeona nini ambacho mimi sikukiona, na sitajua, na wala nyinyi hamtajua.

Nimefikiria sana maneno ya mzee yule kuhusu wembe. Waliokata waliipenda karatasi. Mimi pia niliipenda. Niliipenda kwa namna ile ile: nikiwa peke yangu, nikitazama huku na huku. Tofauti ni kwamba wao waliacha tundu, anayefuata akajua kuna kilichoondolewa. Mimi sikuacha hata tundu.

Kwa hiyo ninapowadai wa Chicago na London, nadhani sina budi kudai kwa sauti ya mtu aliyeshikwa na saa ya watu mkononi. Dai bado ni halali. Lakini ushirikiano wa maktaba hauanzi kwenye mikataba. Unaanza kwa mtu mmoja anayejua kitu kiko wapi, na mwingine anayeuliza.

Nilirudi kwenye maktaba yetu na karatasi mbili nilizozichapa. Nilikuwa nimeorodhesha kila toleo lenye tundu, tarehe yake, maktaba zenye filamu nzima, namba za filamu na jinsi ya kuomba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umerudi na nini?"

Alizisoma zote mbili hadi mwisho, akitumia kidole. Kisha akafungua lile jalada, akazigandisha kwa gundi ndani ya gamba la mbele, akalifunga kwa kamba ya katani. Nilipita tena mwezi uliopita kuzitazama. Pembeni kuna mtu ameongeza kwa kalamu ya bluu filamu nyingine mbili ambazo mimi sikuzijua.