Somo na Somo Yake

Katika Kiswahili, somo ni fundisho. Na somo, vilevile, ni mtu mwenye jina moja na mwenzake. Maana hizi mbili zikikutana hutuuliza swali: watu wawili walioshiriki jina wanatufundisha nini?

Nchi ya dhahabu na almasi, kusini mwa Ziwa Viktoria, ina mfano wake. John Thoburn Williamson, mjuzi wa miamba kutoka Kanada, aligundua almasi ya Mwadui, Shinyanga, mwaka 1940. Akafa Januari 1958. Oktoba 1959 alizaliwa John Pombe Magufuli huko Chato, ambako leo ni Mkoa wa Geita. Alikuwa Rais wa Tanzania tangu 2015 hata kufa kwake mwaka 2021.

Ni rahisi kusema kuwa John wa kwanza alichukua na wa pili alirejesha. Hukumu hiyo ni tamu kwa kuwa ni fupi. Lakini ufupi si haki. Mgodi wa Williamson ulizaa mji wenye shule na hospitali. Mgodi huohuo ulitoa, mwaka 1947, almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5 kabla ya kuchongwa, nayo ikawa tunu ya arusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Wenye ardhi hawakuulizwa. Magufuli alizuia mchanga wa madini kusafirishwa nje mwaka 2017, na sheria za mwaka huo zikatamka kuwa mali asili ni ya wananchi. Lakini chini ya utawala wake mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ilikatazwa mwaka 2016, isiruhusiwe tena mpaka 2023. Aliyetaka wananchi wamiliki dhahabu yao aliwanyima jukwaa la kusemea.

Basi kila mmoja wao ana somo yake ndani ya nafsi yake: mtoaji na mnyimaji chini ya jina moja. Ampendaye mtu humtaja wa kwanza akamficha wa pili. Amchukiaye hufanya kinyume. Wote wawili huiba. Wema haufuti uovu kama mvua ifutavyo nyayo, wala uovu haubatilishi wema. Kila tendo lina daftari lake.

Wasukuma humwita pacha wa kwanza Kulwa, wa pili Doto, na mtoto anayewafuata Shija. Majina hayo husimulia jinsi mtu alivyokuja duniani. Hayathubutu kusimulia atakavyoondoka. Hiyo ni busara. Mzazi ampaye mwanawe jina la mtu mkuu na amwambie habari nzima ya mwenye jina, sifa na lawama, ili mtoto ajue la kufuata na la kuepuka. Hapo ndipo somo huwa somo.